Lenzi pana za watengenezaji huru: bei inalipa kazini, hailipi kabatini

KATIKA biashara ya vipuri vya magari kila mtu anajua kutofautisha vitu vitatu. Kuna kipuri cha kampuni iliyotengeneza gari, ambacho mafundi hukiita jenyuini. Kuna kipuri cha kampuni nyingine, kinachouzwa kwa jina lake na kwa dhamana yake. Halafu kuna feki. Hakuna dereva anayechanganya cha pili na cha tatu, kwa sababu akichanganya gari litamfundisha.

Katika lenzi za kamera tofauti hiyo bado haijaeleweka vizuri, na kutoeleweka huko kunawatoa watu fedha. Wapo wapiga picha wanaolipa zaidi ya dola 2,000 kwa kuogopa feki ambayo haipo. Wapo pia wafanyabiashara wanaojaza kabati lenzi za bei nafuu wakidhani kwamba kinachouzika leo ni lazima kiuzike mwakani. Wote wawili wanakosea hesabu, ingawa kila mmoja anakosea upande wake.

Wiki hii safu hii inatazama lenzi pana za watengenezaji huru, na swali ni moja: je, bei zake ni za haki? Msimamo wetu tunautoa mapema. Kwa anayenunua ili afanyie kazi, bei ni ya haki na mara nyingi ni nafuu ya kweli. Kwa anayenunua ili aweke akiba ya mtaji au ajaze duka, bei hiyo ina hatari ambayo haionekani kwenye kioo cha lenzi.

Ni lenzi gani hizi

Lenzi pana ni ile inayomeza chumba kizima. Kwa kamera zenye kihisi kikubwa ni kuanzia milimita 14 hivi hadi 28. Ndiyo inayopiga ukumbi wa harusi ukiwa umejaa, chumba cha hoteli, nyumba inayouzwa na dalali, au ukoo mzima ndani ya sebule moja. Mpiga picha wa Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar anayeishi kwa harusi na hoteli hawezi kuikwepa.

Watengenezaji huru ni kampuni zinazoishi zaidi kwa kutengeneza lenzi za kufungwa kwenye kamera za wengine. Kubwa kati yake ni Sigma na Tamron za Japani. Tamron ilianza mwaka 1950 na Sigma mwaka 1961, na lenzi za Sigma hutoka katika kiwanda chake cha Aizu, mkoa wa Fukushima. Ziko pia Tokina ya huko huko Japani, Samyang ya Korea Kusini, na za China kama Viltrox na Laowa. Hizi si kampuni za uchochoroni. Anayeziita feki hajui anachokisema.

Bei zenyewe

Bei tunazozitaja hapa ni zile zilizotangazwa Marekani lenzi zilipotoka, kabla ya kodi. Msomaji azichukue kama kipimo cha kulinganishia, si kama bei ya dukani leo, kwa sababu mwaka 2025 kampuni kadhaa, zikiwamo Nikon na Sigma, zilipandisha bei Marekani baada ya ushuru mpya wa nchi hiyo.

Sony ilitoa lenzi yake ya milimita 16-35 yenye tundu la mwanga la f/2.8 mwaka 2017 kwa takriban dola 2,200. Toleo la pili lilitoka mwaka 2023 kwa dola 2,300 hivi. Kwa kamera hizo hizo za Sony, Tamron ilitoa lenzi ya milimita 17-28 yenye tundu lile lile mwaka 2019 kwa dola 899. Sigma nayo ikatoa ya milimita 16-28 mwaka 2022, pia kwa dola 899.

Tofauti ni dola 1,400. Hapa kwetu tofauti hiyo haibaki ilivyo, kwa kuwa kodi hutozwa kwa asilimia. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara peke yake, bila ushuru wa forodha wala usafiri, dola 899 zinakuwa 1,061 na dola 2,299 zinakuwa 2,713. Pengo limefika dola 1,652. Kadiri mzigo unavyopita mikono mingi, ndivyo pengo linavyozidi kupanuka.

Kilichopunguzwa ni nini

Mfanyabiashara makini akiona bei imeshuka zaidi ya nusu huuliza kilichotolewa. Jibu katika lenzi hizi liko wazi. Kwanza, kimepunguzwa kipimo: lenzi inaishia milimita 28 badala ya 35. Upana wenyewe, ambao ndio mteja anaulipia, umebaki karibu ule ule. Pili, uzito na mwili wa lenzi: Tamron ya 17-28 ina gramu 420, wakati Sony ya kwanza ya 16-35 ilikuwa na gramu 680. Tatu, kasi: Sony haiziruhusu lenzi za wengine kuzidi picha 15 kwa sekunde katika kupiga mfululizo. Kwa mpiga picha wa mbio za Olimpiki hilo ni tatizo. Kwa bwana harusi anayekata keki, picha 15 kwa sekunde zinatosha na kubaki.

Liko jambo la nne ambalo halisemwi sana. Lenzi pana ndiyo aina ambayo ubora wa fokasi ya haraka una thamani ndogo kuliko aina nyingine. Lenzi ya kuvuta mbali inalenga mahali pembamba, na ikikosea kidogo picha imeharibika. Lenzi pana huonyesha vizuri kuanzia karibu hadi mbali, hasa ukifunga tundu hadi f/8 na kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, kama ifanywavyo katika picha za hoteli na nyumba. Kwa kipimo hicho, tofauti kati ya lenzi ya dola 899 na ya dola 2,299 ni ndogo mno kwa mteja kuiona katika tangazo au kijitabu cha hoteli. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kubana matumizi, basi ni kwenye lenzi pana, si kwenye lenzi ndefu ya mbugani.

Ushahidi wa kampuni zenye kamera uko pia. Mwaka 2022 Nikon ilitoa lenzi yake ya milimita 17-28, tundu f/2.8, kwa takriban dola 1,200. Ina vioo 13 katika makundi 11, filta ya milimita 67, na inakaribia kitu hadi sentimita 19. Tamron ile ya mwaka 2019 ina vioo 13 katika makundi 11, filta ya milimita 67, na inakaribia hadi sentimita 19. Wachunguzi wengi wa soko hili wamehitimisha kuwa ni lenzi moja iliyobadilishiwa kanzu. Msomaji ahukumu mwenyewe kama jina lina thamani ya dola 300.

Hesabu ya mwenye kazi

Wanaotetea lenzi za kampuni za kamera wana hoja moja nzito: zinashika bei zikiuzwa mkononi. Hoja hii ni ya kweli, lakini imefanyiwa hesabu mbaya. Watu huhesabu asilimia badala ya fedha.

Tuchukue mfano. Baada ya miaka mitatu lenzi ya dola 2,299 inauzwa kwa nusu ya bei. Mwenyewe amepoteza dola 1,150. Lenzi ya dola 899 tuiweke katika hali mbaya zaidi, iuzwe kwa asilimia 40 tu. Mwenyewe amepata dola 360 na kupoteza 539. Kwa asilimia wa pili ameumia zaidi. Kwa fedha taslimu ametumia dola 180 kwa mwaka, na mwenzake ametumia 383. Hata lenzi ya pili ikikosa mnunuzi kabisa na kubaki pambo la meza, hasara yake ni dola 899, ambayo bado ni pungufu ya 1,150.

Aidha, dola 1,400 zilizobaki mwanzoni hazikukaa bure. Zinatosha kununua lenzi nyingine ya dola 899, na zikabaki 500 za flashi na taa. Kijana mwenye lenzi mbili na taa anaweza kuchukua kazi ambazo mwenye lenzi moja ya jina kubwa atazikataa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mpiga picha linaandikwa kwa idadi ya kazi, si kwa rangi ya pete iliyo mbele ya lenzi.

Wapo ambao lenzi ya kampuni ya kamera ni haki yao. Mpiga picha wa michezo anayehitaji kasi yote ya kamera, mwenye mkataba unaomtaka awe na huduma ya haraka ya kampuni, na yule ambaye milimita 28 hadi 35 ndiyo riziki yake ya kila siku. Hao walipe bila kulalamika.

Mwenye mlango ndiye mwenye soko

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao unamhusu zaidi mwenye duka na mwenye mtaji. Lenzi ya mtengenezaji huru ni mpangaji katika nyumba ya mtu. Inafungwa kwenye mdomo wa kamera ambao ni mali ya kampuni nyingine, na mwenye mdomo ana njia mbili za kumbana mpangaji.

Njia ya kwanza ni kushusha bei. Hadi mwaka 2014, mwenye kamera ya Canon yenye kihisi kidogo aliyetaka lenzi pana alikuwa na Canon ya milimita 10-22, iliyokuwa ghali, au aende kwa Sigma, Tamron na Tokina ambazo ziliuza kati ya dola 400 na 700. Biashara ilikuwa nzuri. Mwaka huo Canon ikatoa lenzi ya milimita 10-18 kwa dola 299. Tundu lake lilikuwa dogo na mwili wake wa plastiki, lakini ilikuwa pana, nyepesi, na yenye jina la Canon. Nikon ikafuata mwaka 2017 na lenzi ya milimita 10-20 kwa takriban dola 310. Aliyekuwa na shehena ya lenzi za dola 500 alijikuta akiuza kitu ambacho mteja wa kawaida hana tena sababu ya kukinunua. Lenzi hazikuharibika. Sababu ya bei yake ndiyo iliyoondoka.

Njia ya pili ni kufunga mlango. Sony ilichagua kuufungua: mwaka 2011 ilitangaza kutoa maelezo ya msingi ya mdomo wake wa E kwa watengenezaji wengine bila malipo, na ndiyo sababu kamera zake zina lenzi nyingi za watengenezaji huru. Canon ilifanya kinyume katika mdomo wake mpya wa RF. Mwaka 2022 Viltrox ya China ilieleza kwamba Canon imeitaka isimamishe uuzaji wa bidhaa zake za mdomo huo. Aliyekwisha kununua alibaki na lenzi inayofanya kazi, lakini yatima. Aprili 2024 mlango ukafunguliwa kidogo kwa leseni: Sigma na Tamron zikatangaza lenzi za RF, zikianza na zile za kihisi kidogo, ikiwamo Tamron ya milimita 11-20.

Somo kwa mwekezaji ni kwamba ubora wa kioo haukuhusika hata kidogo katika matukio haya. Mnunuzi wa mitumba anajua hivyo, na ndiyo maana hutoa bei ndogo kwa lenzi ya mtengenezaji huru. Punguzo lile si dharau kwa bidhaa. Ni malipo ya hatari kwamba kamera ya kesho itaikataa.

Hesabu ya mwenye duka

Tuseme umeagiza lenzi kumi za dola 899. Mtaji wako ni dola 8,990. Unauza kwa faida ya asilimia kumi, yaani dola 989 kila moja. Ukiuza zote umepata dola 899, ambazo ni bei ya lenzi moja. Ukiuza tisa na moja ikabaki kabatini, umekusanya dola 8,901. Faida yote imekwenda na mtaji wenyewe umepungua kwa dola 89.

Na kubaki kwa moja si ajabu, kwa sababu lenzi ya aina moja si bidhaa moja. Sigma ya 16-28 ilitoka kwa mdomo wa Sony na kwa mdomo wa L unaotumiwa na Panasonic na Leica. Ya Sony haiingii katika ya Panasonic. Anayeagiza kwa kubahatisha anajikuta na ile ambayo mtaa wake hauitumii. Kwa walioko pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, kuna adui mwingine: unyevu huotesha ukungu ndani ya vioo, na lenzi iliyosahauliwa kabatini inaweza kuingia dosari kabla haijaguswa na mteja.

Pale bei inapoacha kuwa ya haki

Isifikiriwe kwamba kila lenzi ya mtengenezaji huru ni rahisi, au kwamba ikiwa ya haki leo itakuwa ya haki daima. Mwaka 2017 Sigma ilitoa lenzi ya milimita 14 yenye tundu la f/1.8 kwa takriban dola 1,600. Ilikuwa ya kwanza kwa upana na tundu hilo, na kwa anayepiga nyota usiku bei ilikuwa na sababu. Uzito wake ulizidi kilo moja. Mwaka 2021 Sony ikatoa ya milimita 14, tundu f/1.8, kwa bei karibu ile ile, ikiwa na gramu 460. Tangu siku hiyo mwenye kamera ya Sony hakuwa na sababu ya kulipa bei kamili ya Sigma ile. Sigma yenyewe ilijibu mwaka 2023 kwa lenzi ya milimita 14 yenye tundu la f/1.4.

Upande wa chini kabisa kuna lenzi pana za mkono, zisizo na fokasi ya otomatiki. Nyingine hazina hata nyaya za kuzungumza na kamera, kwa hiyo kamera haiwezi kunyoosha mistari iliyopinda. Samyang ya milimita 14 yenye tundu la f/2.8, ambayo imeuzwa pia kwa jina la Rokinon na mengineyo, ni kali na rahisi, lakini hupinda mistari ya ukuta kama masharubu. Kwa nyota ni nafuu ya kweli. Kwa chumba cha hoteli ni kazi ya ziada kwenye kompyuta kila picha. Laowa ya milimita 12 ya mwaka 2016 nayo ni ya mkono na ilitoka kwa dola 949, lakini ilitengenezwa ili mistari ibaki imenyooka. Anayepiga majengo anaweza kuilipa hiyo na akawa hajaibiwa, wakati anayepiga harusi akiilipa atakuwa amenunua tabu.

Ushauri wa wiki hii

Mpiga picha anayeanza au mwenye mtaji wa kati: nunua lenzi pana ya mtengenezaji huru mwenye jina, kwa mdomo ulio wazi kwa watengenezaji wengine, na tumia tofauti ya bei kwa kifaa kitakachokuletea kazi nyingine. Kabla ya kulipa, bandika kurasa za gazeti ukutani, weka kamera kwenye stendi ikitazama ukuta sawasawa, piga picha kwa tundu lililo wazi kabisa, kisha linganisha pembe nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, vioo vimekaa kombo. Iache na uombe nyingine. Uliza pia dhamana ni ya nchi gani, kwa kuwa dhamana nyingi haziheshimiwi nje ya nchi ya mauzo.

Mwenye duka: usijaze kabati. Weka ya kuonyesha, moja au mbili kwa mdomo unaotumika zaidi mtaani kwako, na nyingine agiza mteja akishaweka arubuni. Ukisikia mwenye kamera anatoa lenzi pana yake mwenyewe ya bei ndogo, uza uliyonayo wiki hiyo hiyo hata kwa faida kiduchu.

Mwenye fedha anayetaka kuziweka katika lenzi akitumaini zitapanda: hakuna mfano hata mmoja kati ya tulioutaja hapa unaomuunga mkono. Lenzi hizi hulipa zikiwa shingoni mwa mtu aliye kazini. Kama huna kazi ya kuzipa, fedha hizo zitafutie mahali pengine.